USP7, USP1, CYLD au BAP1: uchague kimeng'enya kipi kwa utafiti wa saratani Dar es Salaam

Mwanafunzi wa uzamili anayeandika pendekezo kuhusu ubikwitini na saratani mara nyingi huanza na kimeng'enya USP7. Inaeleweka: kimeandikwa sana, vizuizi vyake vinauzwa, na uhusiano wake na p53, protini inayozuia seli isiwe ya saratani, unaelezeka kwa mistari miwili. Lakini kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mistari hiyo miwili haisimami. Ukihamia kwenye sakoma ya Kaposi, USP7 kinarudi juu ya orodha.

Mambo matatu yanaamua uchaguzi: kirusi kilichomo ndani ya uvimbe, upande ambao kimeng'enya kinaufanyia kazi, na aina ya sampuli uliyonayo mkononi leo. Ulinganisho huu ni kwa walioko Muhimbili, Mlimani, au wanaopanga kushirikiana na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Tumechukua vimeng'enya vinne kwa sababu kila kimoja kinawakilisha aina tofauti ya kazi na ya gharama.

Upande wa kazi kwanza

Ubikwitini ni protini ndogo ya asidi amino 76, yenye uzito wa takriban kilodaltoni 8.5. Seli huibandika kwenye lisini ya protini nyingine, kisha huongeza nyingine juu yake hadi mnyororo utokee. Mnyororo uliounganishwa kwa lisini ya 48 kwa kawaida huipeleka protini kwenye proteasomu ikakatwekatwe. Ule wa lisini ya 63, na ule unaoanzia methionini ya kwanza, hutumika zaidi kupitisha ishara na kusimamia urekebishaji wa DNA. Vimeng'enya vinavyong'oa ubikwitini, ambavyo maabara zote huviita DUB, binadamu anavyo takriban 100. Karibu vyote hukata kwa kutumia sisteini. Familia ya JAMM hutumia zinki.

USP7 na USP1 kwa kawaida huusaidia uvimbe kuishi, kwa hiyo swali lako litakuwa: nikikizuia, nini kinatokea? CYLD na BAP1 huuzuia uvimbe, na swali linageuka: uvimbe huu umekipoteza? Umekipoteza vipi, na nini kimefunguka baada ya hapo? Pendekezo linalotaka kujaribu kizuizi cha BAP1 kama tiba ya mesothelioma (saratani ya utando wa mapafu) limegeuza mambo, na mhakiki yeyote makini atalirudisha.

Usidhani pia kwamba kung'oa ubikwitini ni kuokoa protini kila wakati. CYLD anapong'oa minyororo ya lisini ya 63 anazima ishara, na kiasi cha protini yenyewe huweza kubaki kilekile. Ukipima kiasi tu kwa westani bloti (kipimo kinachoonyesha protini kama bendi kwenye jeli) utasema hakuna kilichotokea.

USP7: kizuri sana kwa uvimbe fulani, kibaya kwa mwingine

USP7 kilijulikana kupitia kirusi. Kilionekana kimeshikamana na protini ICP0 ya herpesi simpleksi, na jina lake la zamani, HAUSP, linabeba historia hiyo. Mwaka 2002 kilionyeshwa kuwa kinaiondolea p53 ubikwitini, ikatarajiwa kwamba kukiondoa kutaishusha p53. Mwaka 2004 matokeo yakaja kinyume: seli zilizonyimwa USP7 zilikuwa na p53 nyingi zaidi. Mwamuzi ni MDM2. MDM2 huibandika p53 ubikwitini, na hujibandika yenyewe pia. USP7 huilinda isijiangamize. Ukikizuia USP7, MDM2 huporomoka, p53 hupanda, na seli husimama au hufa.

Sasa weka HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, ndani ya seli hiyo. Protini E6 ya HPV aina ya 16 au 18 humshika mbandikaji mwingine, E6AP, na kumpeleka kwenye p53. Katika seli za maabara za HeLa, zenye HPV 18, na katika SiHa na CaSki zenye HPV 16, uharibifu wa p53 umehamia njia hiyo, na MDM2 hana tena usemi mkubwa. Ukiweka kizuizi cha USP7 unaweza kuona MDM2 ikishuka vizuri kabisa, lakini usitegemee p53 ipande kama ilivyoandikwa kwa seli zisizo na kirusi. Na seli zikifa, bado hujathibitisha lolote kuhusu p53, kwa sababu USP7 huzilinda protini nyingine nyingi zikiwemo DNMT1, UHRF1 na klaspini. Wengi hukimbilia C33A kama kontroli isiyo na HPV. Hiyo nayo ina p53 iliyobadilika, kwa hiyo haikusaidii. Kontroli safi ni jozi ya seli za saratani ya utumbo mpana za HCT116, moja yenye p53 na nyingine iliyoondolewa jeni hiyo. Kizuizi kikiua zote mbili sawasawa, achana na maelezo ya p53.

Kwenye virusi vya jamii ya herpesi hali inabadilika. EBNA1 ya virusi vya Epstein-Barr hukaa kwenye kishimo kilekile cha USP7 ambacho p53 na MDM2 hukitumia, tena kwa nguvu kuliko p53. Virusi vya sakoma ya Kaposi vina LANA, vIRF1 na vIRF4, zote zikishikamana na USP7. Yaani kirusi chenyewe kimekwisha kukichagua kimeng'enya hiki. Zaidi ya hapo, sakoma ya Kaposi na limfoma za majimaji ya mwilini zinazotokana na kirusi hichohicho mara nyingi huwa na p53 isiyobadilika, kwa hiyo kuna kitu cha kuamsha. Kwa mji ambao sakoma ya Kaposi bado inaonekana kliniki, hili ni swali lenye maana ya kitabibu.

Kwa limfoma ya Burkitt uwe mwangalifu. Raji na Namalwa, seli zinazopatikana kirahisi, zote zina p53 iliyobadilika. Kuzitumia kuonyesha kwamba p53 imepanda na kuua seli ni kazi bure.

Kuhusu vizuizi: P5091 cha mwaka 2012 bado kinaagizwa sana, lakini kinaigusa pia USP47. FT671 na GNE-6640, vilivyotangazwa mwaka 2017, ni teule zaidi. PR-619 huzuia DUB nyingi kwa pamoja. Kinafaa kama kontroli ya mwisho, na hakiwezi kukuambia lolote mahususi kuhusu USP7. Kizuizi chochote kiambatane na siRNA (RNA fupi za kuzima jeni) mbili zenye mfuatano tofauti, nanomola 20 kwa saa 48 hadi 72. Zikitofautiana na dawa, amini siRNA kwanza.

Kosa linalorudiwa zaidi kwa USP7 ni la muda. Katika seli isiyo na msukosuko nusu-uhai wa p53 ni kama dakika 20, na wa MDM2 ni mfupi vilevile. Mtu akiweka sikloheksimidi, inayosimamisha utengenezaji wa protini, kisha akavuna seli saa ya 0, 4, 8 na 12, jambo lote limekwisha kutokea kabla ya sampuli ya pili. Tumia mikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita, uvune dakika ya 0, 15, 30, 60 na 90. Kosa la pili ni kuangalia saa ya 24 peke yake baada ya kuweka kizuizi. p53 ikipanda huamuru MDM2 mpya itengenezwe, kwa hiyo kufikia saa ya 24 MDM2 inaweza kuwa imerudi au imezidi ilipoanzia, nawe ukahitimisha kwamba dawa haifanyi kazi. Vuna saa ya 2, 4 na 8 pia.

USP1: tunachokipendekeza kwa saratani ya mlango wa kizazi

Tiba ya kawaida kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyoenea eneo la karibu ni mionzi pamoja na sisplatini kila wiki, miligramu 40 kwa mita ya mraba ya mwili. Sisplatini huharibu DNA kwa kufunga besi zake pamoja, wakati mwingine ikifunga nyuzi mbili zisiachane. Seli hufungua mafundo hayo kwa njia ya Fanconi, ambayo hatua yake kuu ni kubandika ubikwitini moja tu kwenye lisini ya 561 ya protini FANCD2. USP1 ndicho kinachoing'oa, na pia huing'oa ubikwitini ya lisini ya 164 ya protini PCNA. Swali la usugu wa sisplatini linaingia hapa moja kwa moja, na halipiti kwa p53. HPV haikuharibii mantiki ya jaribio, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukipendelea.

Faida ya pili ni ya kipimo. FANCD2 na PCNA zikibandikwa ubikwitini moja huonekana kama bendi mbili kwenye jeli: FANCD2 katika kilodaltoni 155 na 162 hivi, PCNA katika 36 na 45 hivi. Unahitaji westani bloti nzuri tu. Kwa FANCD2 tumia jeli nyepesi, asilimia 6 au ile ya trisi-asetati ya 3 hadi 8, uiache itembee muda mrefu hadi alama ya kilodaltoni 100 ikaribie chini. Kwenye jeli ya asilimia 10 bendi mbili zitaungana kuwa moja nene. Kontroli chanya ni haidroksiyurea milimola 2 kwa saa 24.

Tahadhari ya tafsiri: ukizuia USP1, FANCD2 yenye ubikwitini huongezeka, na wengi huandika kwamba urekebishaji umeongezeka. Ni kinyume. Ubikwitini lazima ing'olewe ili FANCD2 iachie DNA na kazi ikamilike; ikibaki, njia inaziba na seli inakuwa dhaifu mbele ya sisplatini. Bendi ya juu inakuambia tu kwamba kizuizi kimefika kwenye shabaha. Kama urekebishaji umeathirika, hilo utalijua kwa kuhesabu makundi ya seli: panda seli chache, weka dawa, subiri siku 10 hadi 14, kaza kwa methanoli, paka kristali vayoleti asilimia 0.5, hesabu makundi yenye seli 50 au zaidi.

USP1 hakifanyi kazi vizuri bila mwenzake UAF1. Ukinunua protini kwa kipimo cha mng'ao, nunua jozi iliyounganishwa. Lakini usizime UAF1 ukasema umezima USP1, kwa sababu UAF1 huyohuyo huwahudumia USP12 na USP46. Na USP46 kina habari yake kwenye HPV: E6 hukitumia kuilinda Cdt2. Ukizima UAF1 kwenye HeLa utakuwa umechanganya mambo mawili makubwa katika kisahani kimoja. Kizuizi ML323 kinawalenga USP1 na UAF1 wakiwa pamoja, kinapatikana kama unga, na ndicho tunachokishauri. KSQ-4279 ni cha kizazi kipya na kimeingia kwenye majaribio kwa wagonjwa. Hilo litakupa sentensi nzuri katika utangulizi wa pendekezo.

Jambo moja linaloharibu tafiti nyingi za sisplatini, iwe za DUB au za kitu kingine: usiiyeyushe katika DMSO. DMSO hushikamana na platinamu na kuidhoofisha dawa, kisha unaripoti kwamba seli ni sugu. Tumia maji ya chumvi ya asilimia 0.9, funika kwa karatasi ya alumini, na usiyagandishe. ML323 nacho kiyeyushwe katika DMSO, lakini kiingie kwenye kisahani kwa pipeti yake. Visichanganywe kwenye kichupa kimoja kabla.

CYLD: swali zuri, vifaa vigumu

Jeni ya CYLD ilitambuliwa mwaka 2000 kupitia ugonjwa wa kurithi wa uvimbe mwingi wa ngozi ya kichwa. Kimeng'enya chake huitwa kuzima NF-kB, protini inayowasha jeni za kuifanya seli iishi, kwa kuwang'oa TRAF2, NEMO na RIPK1 minyororo ya lisini ya 63 na ya methionini ya kwanza. Kikipotea, NF-kB inabaki imewaka na seli zinakataa kufa.

Uhusiano wake na HPV ni wa kweli: katika upungufu wa oksijeni, E6 husababisha CYLD kubandikwa ubikwitini na kuharibiwa, NF-kB ikawaka. Tatizo ni masharti. Unahitaji inkubeta inayoweza kushusha oksijeni hadi asilimia 1 na kuishikilia hapo kwa saa nyingi. Kloridi ya kobalti, mikromola 100, huipandisha HIF-1 (protini inayoitikia upungufu wa oksijeni) lakini haiondoi oksijeni, kwa hiyo haitoshi kwa dai hili. Umeme ukikatika katikati ya saa 16 za jaribio na jenereta ikachelewa, sampuli hizo zitupwe. Seli zilizorudishiwa oksijeni hata kwa muda mfupi hubadilika haraka. Kama maabara yako haina inkubeta hiyo, usianze na CYLD kwa hoja ya HPV.

Unachoweza kufanya bila kifaa hicho ni kuzima CYLD kwa siRNA, kuweka TNF (ishara inayowasha NF-kB) nanogramu 10 kwa mililita, na kuvuna dakika ya 0, 5, 15, 30 na 60 ukiangalia IkB-alfa na p65 yenye fosfati. Ni jaribio safi, ila limeshafanywa sana kwingine, na peke yake halitoshi kwa tasnifu.

BAP1: kwa mwenye bloku za parafini na darubini

BAP1 hung'oa ubikwitini kwenye lisini ya 119 ya histoni H2A kikiwa na mwenzake ASXL1. Jeni yake iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3, na mwaka 2011 ilithibitika kwamba familia zilizorithi jeni iliyoharibika hupata mesothelioma na melanoma ya jicho; saratani ya figo iliongezwa baadaye. Katika mesothelioma kupotea kwa BAP1 ni jambo la kawaida, kiasi kwamba patholojia hutumia rangi ya kingamwili yake kutofautisha mesothelioma na seli za mesothelio zilizochokozwa tu na uvimbe usio saratani.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji seli hai, wala nitrojeni ya kimiminika, wala mashine ya mng'ao. Udhaifu ni idadi: saratani zinazojaza kliniki zetu si zile ambazo BAP1 hupotea mara kwa mara. Kwa mlango wa kizazi usitegemee kupata kesi za kutosha. Kwa melanoma ya jicho na figo utahitaji kukusanya bloku za miaka mingi.

Hatua ni hizi. Kata vipande vya mikromita 3 hadi 4 kwenye slaidi zenye chaji, oka nyuzi 60 kwa saa moja, fufua antijeni kwa trisi-EDTA yenye pH 9 katika nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20 hadi 30, kisha kingamwili ya kloni C-4 kwa uwiano wa 1 kwa 50 hadi 1 kwa 100. Unasoma kiini cha seli. Lakini kabla ya kusoma uvimbe, tafuta limfosaiti, seli za mishipa ya damu na faibroblasti kwenye slaidi hiyohiyo: viini vyao lazima viwe na rangi ya kahawia. Kama navyo ni vyeupe, slaidi hiyo haisomeki, na kuandika kwamba BAP1 imepotea ni kosa.

Sababu kubwa ya slaidi zisizosomeka katika joto letu ni kuchelewa. Nyama iliyokaa kwenye beseni saa kadhaa baada ya upasuaji huanza kuoza kabla formalini haijaifikia, hasa katikati. Iingie kwenye formalini yenye bafa, asilimia 10, ndani ya saa moja, ujazo wa formalini uwe mara kumi ya nyama, na ikae kati ya saa 6 na 72. Formalini iliyochanganywa na maji ya bomba bila bafa hugeuka tindikali na kuua antijeni. Kwa bloku za zamani usikate slaidi zote siku moja na kuzihifadhi kwa miezi. Kata unapotaka kupaka.

Vinne kwa pamoja

| Kimeng'enya | Asidi amino | Sisteini ya kukata | Huusaidia uvimbe? | Kipimo cha kuanzia | Uvimbe unaofaa |
|---|---|---|---|---|---|
| USP7 | 1,102 | 223 | Ndiyo, kwa kawaida | MDM2 na p53 kwa dakika | Kaposi. Epstein-Barr yenye p53 nzima |
| USP1 | 785 | 90 | Ndiyo | Bendi mbili za FANCD2 na PCNA | Mlango wa kizazi na sisplatini |
| CYLD | 956 | 601 | Hapana, huuzuia | IkB-alfa baada ya TNF | HPV, ukiwa na inkubeta ya oksijeni ndogo |
| BAP1 | 729 | 91 | Hapana, huuzuia | Rangi ya kiini kwenye slaidi | Mesothelioma, jicho, figo |

Safu ya sisteini ni ya kazi. Ukirudisha kimeng'enya kwenye seli ulizokizima, rudisha kizima na kile butu ambacho sisteini hiyo imegeuzwa kuwa serini au alanini. Kikirudi kizima tu ndipo mabadiliko yakatoweka, umeonyesha kwamba ukataji wenyewe ndio unaohusika. Toleo butu nalo likirekebisha hali, basi kimeng'enya kinafanya kazi kwa kushikilia wenzake.

Vipimo vya utendaji: upi ununue

Ubikwitini iliyofungwa kwa rodamini 110, inayosomwa karibu na nanomita 485 kuingia na 535 kutoka, ni ya haraka na inafaa kwa kulinganisha vizuizi dhidi ya protini iliyosafishwa. Kwa mchuzi wa seli haifai, kwa sababu inajumlisha DUB zote, na UCHL3 peke yake huila kwa kasi kubwa kuliko vile unavyovitafuta. Kwa CYLD haifai hata kidogo: kimeng'enya hicho kinataka mnyororo, na kwenye ubikwitini moja kinaonekana kama kimekufa. Kwa USP7 nunua protini nzima. Kipande cha kukata peke yake ni dhaifu mno, kwani mkia wa mwisho ndio unaokiamsha.

Vinasi vya ubikwitini vyenye lebo ya HA na mwisho wa vinili salfoni au propajili hujifunga moja kwa moja kwenye sisteini ya kimeng'enya kilicho hai. Mikrogramu 20 hadi 50 za mchuzi, vinasi mikromola 1, nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 30, kisha bafa ya SDS na nyuzi 95. Bendi inapanda kwa kilodaltoni 8 hadi 10. Kwenye protini ya kilodaltoni 128 kama USP7, mpando huo ni mdogo, kwa hiyo jeli nyepesi tena. Weka daima mrija mmoja uliotangulizwa NEM, kemikali inayoziba sisteini. Bendi ikipanda na humo, si utendaji unaouona. JAMM hazinaswi na vinasi hivi, hazina sisteini ya kunaswa.

Na hapa ndipo watu wengi hupoteza miezi. Kuna bafa mbili na haziingiliani. Ukitaka kupima utendaji, bafa iwe na DTT milimola 1 hadi 2 na isiwe na NEM wala iodoasetamidi. Ukitaka kuona minyororo ya ubikwitini kwenye protini, ni kinyume: NEM milimola 10 hadi 20, bila DTT wala beta-merkaptoethanoli, maana hizo huila NEM yote kabla haijafika kwenye vimeng'enya. Pasua seli kwa SDS asilimia 1, chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5 hadi 10, kisha punguza mara kumi kwa bafa ya Triton ndipo uvute protini yako kwa kingamwili. Mchuzi wa aina moja uliogawanywa kwa kazi zote mbili hutoa ama vinasi visivyoshika kitu, ama minyororo iliyokwisha kung'olewa ndani ya mrija. NEM yenyewe itengenezwe siku hiyohiyo katika ethanoli. Ya jana kwenye maji haifai.

Safari ya kemikali hadi Dar

Chagua kwa kuzingatia joto. siRNA iliyokaushwa na vizuizi vya unga husafiri kwenye joto la kawaida na huvumilia kusubiri taratibu za forodha uwanja wa ndege. Protini zilizosafishwa na vinasi vya ubikwitini husafiri na barafu kavu, na barafu kavu huisha. Panga ziingie mwanzoni mwa wiki, nyaraka za uingizaji zikiwa zimekamilika kabla ndege haijaondoka, na zigawe mikrolita 5 kila kichupa siku ileile zinapofika, kila kichupa kiyeyuke mara moja tu.

Unyevu wa hapa ni adui wa DMSO, inayofyonza maji hewani. Kichupa cha kizuizi kilichotoka kwenye friza kiachwe kifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Ukikifungua kikiwa baridi, maji yanaingia, dawa inajitenga na kuwa chengachenga, na kipimo chako cha mikromola 10 kinakuwa kitu kingine.

Uamuzi kwa hali yako

Una bloku tu na mwaka mmoja: BAP1, kwa sharti kwamba patholojia imekuhakikishia idadi ya kesi kabla hujaomba kibali cha maadili cha chuo na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Una seli za limfoma ya KSHV (kirusi cha sakoma ya Kaposi) na mshirika mwenye uzoefu wa virusi: USP7, kwa FT671 na siRNA. Una inkubeta ya oksijeni ndogo na umeme wa uhakika, na ni shahada ya uzamivu: CYLD ni swali lenye kina, na hapa Afrika Mashariki halijashughulikiwa vya kutosha kulingana na ukubwa wa tatizo la HPV.

Wengine wote, hasa mwenye HeLa na SiHa, hudi ya usalama na westani bloti, tunamwelekeza USP1. Aanze kwa kununua kingamwili mbili tu, ya FANCD2 na ya PCNA iliyobandikwa lisini ya 164, pamoja na haidroksiyurea. Bendi mbili zikionekana safi mara tatu mfululizo kwenye seli zake mwenyewe, ndipo alipie ML323 na siRNA.